Ndovu Ataka Aangushwe Taratibu

Kidole bado kiko hewani. Wiki nzima mmenisumbua, wengine mmenifuata mpaka kwenye foleni ya maji, mkitaka kujua kidole cha Mheshimiwa Sodnom kilimwangukia nani. Haya, tulieni. Leo kinashuka.

Aliyekosa gazeti lililopita asogee, nimnong'oneze haraka. Sodnom ana kiwanda cha saruji na ana uchu wa ubunge. Mheshimiwa bado hajawa, ila ukimwita hivyo anaitika haraka kuliko ukimwita kwa jina. Wiki moja kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, alipanda kwetu kilimani, kwenye mahema na moshi, akiwa na watu wa televisheni, kukabidhi ukumbi kwa vijana wa mtaa.

Ukumbi wenyewe ni ghala lake la zamani la makaa ya mawe. Humo Mwalimu Pagma, mwanamama bingwa wa zamani wa judo mwenye magoti mabovu na mdomo mzima, anafundisha mieleka, judo na mazoezi ya viungo. Wanafunzi wake ni wale ambao shule imewachoka na nyumbani hakuna wa kuwauliza wamekula nini. Ufunguo ukiingia mikononi mwa Pagma, ukumbi ni wao. Usipoingia, ghala linageuzwa gereji ya kuoshea magari, na vijana wanarudi barabarani kubeba magunia na kunusa gundi.

Ufunguo tuliambiwa umo ndani ya kitambaa cha buluu cha heshima, kimekunjwa vizuri, kimelala juu ya viganja vya Luvsan, mpambe wa Sodnom. Luvsan alikibeba kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa mwenzake.

Kilichobaki ni jambo dogo tu. Sodnom ana cheo cha Ndovu katika mieleka, na Ndovu hawezi kusimama mbele ya kamera akatoa ufunguo hivihivi. Alitaka kwanza apigane na kijana mmoja wa mradi, ambwage, kisha amnyanyue, amkumbatie, alie kidogo. Na kwetu mwenye cheo ndiye anayechagua wa kupigana naye. Ndiyo maana kidole kilikuwa hewani.

Kikatua kwa Choidog.

Najua wengi mliweka dau kwa Terbish. Poleni. Choidog ndiye kijana mwembamba kuliko wote, kizibao cha mieleka kinamning'inia, na mabuti aliazima kwa mjomba wake. Sodnom hakumchagua kwa bahati. Pagma mwenyewe ndiye aliyempenyezea Luvsan jina hilo, na tangu Jumatatu alikuwa akimfundisha Choidog kuanguka.

"Akikushika bega, sukumana naye kidogo," alimwambia. "Halafu nenda chini kwa mgongo, polepole, kama mtu aliyezidiwa."

"Na nikisahau, mwalimu?"

"Choidog, mwanangu, kuanguka ndicho kitu pekee ambacho hujawahi kukisahau."

Sodnom akavua koti la manyoya, akavua joho, akabaki na kizibao chake cha hariri nyekundu kilichoshonwa enzi za tumbo jingine. Kamba ya kifuani ilifungwa na watu wawili. Akatandaza mikono kama mbawa acheze ngoma ya tai, kama ilivyo ada ya wapiganaji, akajipigapiga mapaja, na tumbo likacheza tai yake lenyewe.

Luvsan akamkabidhi mtu wa karibu kile kitambaa kwa dakika moja, akajaza kifua hewa, akaanza kumwimbia bosi wake sifa.

"Ndovuuu! Ndovu mwenye nguvu! Ndovu wa..." Hapo akakohoa.

"Wa wapi?" Bibi Dulmaa akauliza kutoka kwenye kiti cha mbele. "Malizia, mwanangu, usije ukapaliwa."

Watu wakaanza kucheka, maana Bibi Dulmaa anatoka wilaya moja na Sodnom. Cheo chenyewe ni Ndovu wa wilaya, wala si Ndovu wa taifa. Mwaka alioupata, dhoruba ilikuwa imetawanya farasi, na wanaume wote wenye mabega walikuwa mbugani wakiwatafuta. Walioingia uwanjani walikuwa Sodnom, mwalimu wa hesabu, na wengine waliokuwa na mafua.

"Ndovu wetu!" Luvsan akamalizia kwa mkato, akachukua kitambaa chake.

Wapiganaji wakasogeleana. Choidog alikuwa amekodoa macho, midomo ikichezacheza, nadhani akijikumbusha maagizo. Sodnom akanyoosha mkono. Kabla haujafika, pua ikamwasha. Akapiga chafya.

Choidog akaanguka.

Alianguka vizuri sana, kwa mgongo, polepole, kama mtu aliyezidiwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemgusa.

Mimi nilikuwa nimebanwa kando ya jiko, na nilicheka mpaka nikaunguza mkono. Ukumbi mzima ulikuwa hoi. Kuna mzee mmoja alicheka akatoka nje, akarudi, akamwona Choidog bado amelala chini kwa utiifu, akatoka tena.

"Huyu mmempa nini asubuhi?" Sodnom aling'aka.

"Ni heshima imemzidi, mheshimiwa," alijibu Pagma, uso ukimwaka kwa aibu.

"Hii siwezi kuirusha," akasema mpiga picha wa televisheni. "Watu wataona imepangwa."

"Haijapangwa!" Luvsan akapaza sauti, wakati hakuna aliyemuuliza.

Na hapo, wasomaji wangu, Sodnom akafanya kosa. Hasira zilimpanda, akajipiga kifua na kusema maneno ambayo hata yeye aliyajutia kabla hayajafika mwisho.

"Nileteeni mwanamume!"

Vijana hawakusubiri. "Ter-bish! Ter-bish! Ter-bish!" Miguu ikapigwa sakafuni mpaka vumbi la makaa la zamani likadondoka kutoka kwenye dari. Sodnom akatazama huku na huku akitafuta mwanamume mwingine mdogo zaidi. Hakumwona. Kamera ilikuwa inamtazama. Akainua tena kile kidole, safari hii kikiwa kizito, akamwonyesha Terbish.

Terbish ni mjukuu wa Bibi Dulmaa. Wazazi hana. Anashusha magunia ya makaa kwenye malori kuanzia alfajiri, halafu anakuja ukumbini, na mabega yake utadhani yalitengenezewa mtu mwingine mkubwa zaidi. Ni mpole, anaongea kidogo, na ana ugonjwa mmoja mbaya sana kwa mtaa kama wetu: akiahidi kitu, anakifanya.

Pagma akamfuata haraka, akajifanya anamkazia kamba ya kizibao.

"Anguka," alinong'ona.

Terbish akamtazama. "Mwalimu, si wewe ulinifukuza wiki nzima, mimi na mwenzangu, kwa sababu tulipangiana nani ashinde?"

"Ni mimi."

"Ukasema anayeanguka kwa makusudi asirudi hapa."

"Nilisema. Na leo nakwambia hivi: usipoanguka, hakuna hapa pa kurudi."

Macho ya Pagma yalikuwa mekundu. Aliyapangusa kwa mkono na kulaumu moshi wa jiko. Mimi nilikuwa kwenye hilo jiko, na halikuwa linatoa moshi.

"Sawa, mwalimu," akasema Terbish. "Nitaanguka."

"Mjukuu wangu!" Bibi Dulmaa akapiga kelele. "Usimvunje mtu, uchaguzi bado!"

Wakashikana. Hapo ndipo Terbish alipogundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha: si rahisi kushindwa na mtu asiyeweza kushinda.

Alijilegeza, akasubiri abwagwe. Sodnom naye alikuwa ameng'ang'ania mabega yake, jasho likimtiririka, akipumua kama mtu aliyepandisha kilima na gunia. Hakusukuma wala hakuvuta. Alikuwa ameegemea tu.

"Nibwage, kaka Ndovu," Terbish alimnong'oneza. Sodnom hapendi kuitwa mzee.

"Nakuja. Ngoja nipate pumzi."

"Piga ngwala basi."

"Goti la kushoto bovu."

"Tumia la kulia."

"La kulia ndilo nimelisimamia, mjinga wewe!"

Terbish akajaribu kwenda nyuma mwenyewe. Sodnom akadhani anavutwa abwagwe, akashtuka, akarudi nyuma kwa nguvu zake zote, na Terbish akajikuta amesimamishwa wima tena. Akajaribu upande. Sodnom akamdaka. Akajaribu upande wa pili, akadakwa tena. Mara tatu kijana wa watu anataka kuanguka, na mara tatu Ndovu anamwokoa.

Kwa macho ya watazamaji lilikuwa pambano la kufa mtu. Wakawa wanashangilia, wanashika vichwa. Bibi Dulmaa peke yake ndiye aliyeona lililopo.

"Nyie mnapigana," aliuliza, "au mnavushana barafu?"

Mwisho Terbish akakata shauri. Akageuka ubavu, akalegeza miguu yote miwili, akajiachia aende chini moja kwa moja kama alivyoahidi.

Alisahau kwamba uzito wote wa Ndovu ulikuwa juu yake. Egemeo lilipoondoka, Sodnom akapita. Alipita pembeni ya Terbish huku mikono ikitafuta kitu cha kushika, hakukuta kitu, akatua kwa tumbo, kifua na viwiko vyote viwili. Vioo vya madirisha vilitikisika.

Terbish yeye alikuwa bado njiani. Kiganja kimoja kilikuwa kimegusa mkeka, miguu iko chini yake, basi. Na kwetu kiganja kugusa si kuanguka, hilo hata mtoto wa chekechea anakwambia.

"Ameteleza!" Luvsan akalipuka. "Mkeka una maji! Halihesabiki! Tunarudia!"

Pagma alikuwa mweupe kama karatasi. Akampa Terbish ishara kwa macho, kwa nyusi, kwa kichwa: pita wewe chini ya mkono wake, kama kwetu anavyopita aliyeshindwa, mpe ushindi, sema umeteleza, sema chochote. Lakini Terbish alikuwa amesimama kama alivyofundishwa tangu siku ya kwanza, bila kufikiri. Mkono wa kulia ulikuwa juu, akimsubiri aliyeanguka apite chini yake.

Sodnom akainuka. Uso umemwiva. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na nina hakika alitaka kusema ule mkeka una maji. Halafu akauona mkono.

Mnajua, wasomaji wangu, huyu bwana tangu utotoni ameshindwa mara nyingi. Vyeo vya watu tunavijua, kushindwa kwao hakuna anayekuhesabu, ila mwili unakumbuka. Mwili wa Sodnom haukumwomba ruhusa. Mkono ukaenda wenyewe kifuani, ukafungua kamba ya kizibao kama afanyavyo aliyekubali kushindwa. Shingo ikainama. Akapita chini ya mkono wa mbeba makaa, akatokea upande wa pili, na hapo ndipo akili ilipomfikia.

"Nimefanya nini?" alimuuliza Luvsan.

"Umepita, bosi."

"Nimepita?"

"Umepita kabisa."

Na ukishapita, umepita. Hakuna kamati, hakuna rufaa, hakuna mkeka wenye maji. Umekubali mwenyewe kwa shingo yako.

Pagma akaketi kwenye benchi. Alijua ukumbi umekwenda.

Ndipo ukumbi ukalipuka. Sikusema kucheka. Watu walishangilia. Wazee walivua kofia. Tajiri mwenye magari ya kutosha kujaza barabara, ameinamisha shingo mbele ya yatima wa kilimani, kwa adabu, bila ubishi! Mzee mmoja akajipenyeza mpaka mbele na kumpa Sodnom chupa yake ya ugoro anuse, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa maana. Hata Bibi Dulmaa alitoa kitambaa akapangusa macho.

"Kumbe huyu ana adabu," alisema. "Nilimdhania vibaya. Kidogo."

Sodnom alisimama katikati, chupa ya ugoro mkononi, hajui atazame wapi. Amepigiwa makofi maisha yake yote, ila waliopiga walikuwa wafanyakazi wake. Haya yalikuwa ya bure. Niliona utamu wake ukimpanda usoni, kutoka kwenye kidevu mpaka masikioni.

"Bosi," Luvsan akanong'ona, "wanakupenda."

"Naona. Nyamaza nisikie."

Yangeishia hapo, mimi na nyie tungeagana kwa amani. Ila mpiga picha akasogea, anajikuna shingo.

"Samahani, mheshimiwa. Sikuipata."

"Hukuipata nini?"

"Ile ya kuanguka. Na ile ya kupita chini ya mkono."

"Ulikuwa unapiga nini?"

"Bango." Akaonyesha ukutani, lilipotundikwa bango la Sodnom akitabasamu, amemshika begani mtoto tusiyemjua. "Bwana Luvsan alisema nikiondoa kamera kwenye bango sitalipwa."

Luvsan akageuka kutazama bango kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona.

Sodnom hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemheshimu. Alitabasamu, na lile tabasamu lilikuwa lilelile la kwenye bango. Akamshika Terbish bega, akamwita Pagma, wakasogea karibu na jiko, yaani karibu na mimi. Akadhani mimi ni mpuliza moto.

"Mdogo wangu," akaanza, "tunarudia. Unaniangusha tena, napita tena, kamera inaona. Ila safari hii taratibu. Goti langu si unalijua."

"Na ufunguo?" Pagma akauliza.

"Ufunguo upo, mwalimu. Hauna miguu. Sikilizeni kwanza, nina wazo." Akapunguza sauti. "Tusiishie hapa. Mpaka uchaguzi tunazunguka wote. Kila wilaya, kila mtaa wa mahema. Huyu ananiangusha, napita chini ya mkono wake, watu wanalia. Ndovu mnyenyekevu! Halafu tukishashinda, siku ya kuapishwa, ufunguo tunaukabidhi rasmi."

Pagma akahesabu miezi kwa vidole. "Uchaguzi ni kiangazi."

"Ndiyo."

"Vijana watafanyia wapi mazoezi baridi yote hii?"

"Wakimbie," akasema Sodnom. "Si mradi wa afya? Kukimbia hakuhitaji paa. Hapa ndani tutaosha magari kidogo, kwa muda tu, ili jengo lisipate unyevu."

Nakwambieni nilikuwa na koleo la makaa mkononi. Mungu ndiye anajua kwa nini sikulitumia.

Vijana wa Pagma walikuwa ng'ambo ya ukumbi, wamevaa traksuti mpya zenye jina la mheshimiwa mgongoni, wakicheka na kusukumana, hawajui kitu. Traksuti nazo zilikuwa na hadithi yake. Asubuhi dereva wa Sodnom aliwaonya wasizimwagie chai, maana jioni zinatakiwa mtaa mwingine.

Terbish akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, punde hivi ulinifundisha kushindwa kwa uongo. Kushinda kwa uongo nako utanifundisha wewe, au atanifundisha yeye?"

Swali hilo lilimkata Pagma. Mwanamke aliyewahi kumfukuza mtoto wa dada yake mwenyewe kwa kudanganya uzito, leo kutwa nzima amekuwa akigawa uongo kwa watoto kama anagawa chai. Alimtazama kijana, akawatazama wale wengine. Akaikaza kamba ya kizibao cha Terbish, safari hii kweli.

"Sikufundishi kitu," alisema. "Nimekwisha. Fanya unavyoona wewe."

Wakarudi kwenye mkeka. Luvsan, kitambaa kikiwa kimelala palepale viganjani, akawahutubia watazamaji.

"Ndugu zangu, tunarudia kwa ajili ya televisheni! Mlivyoshangaa, mshangae tena. Mzee wa ugoro, kaa tayari. Bibi, wewe ulikuwa unalia."

"Machozi yamekwisha, mwanangu," alijibu Bibi Dulmaa. "Nimeyaweka akiba, kuna msiba keshokutwa."

"Jikaze hata kidogo!"

"Mleteni Choidog aanguke tena, labda nitalia."

Kamera ikawashwa. Safari hii haikutazama bango. Sodnom akacheza tai, akashikana na Terbish, na midomo yake ikawa inachezea sikioni mwa kijana.

"Ubavu wa kulia. Taratibu. Ninyanyue kidogo kwanza, ipendeze."

"Kidogo hivi?"

Terbish akainama, akazungusha mikono kiunoni mwa Ndovu kama anavyozungusha kwenye gunia kila alfajiri, akanyoosha miguu. Mheshimiwa akapanda. Mabuti yake yakaacha mkeka, yakapita magoti ya kijana, yakaning'inia. Watu walishangaa bila kuombwa.

"Vizuri sana," Sodnom alinong'ona, akiitabasamia kamera kutoka juu. "Inatosha. Nishushe."

"Ufunguo."

"Nini?"

"Mwalimu apewe ufunguo sasa hivi, nikiwa nimekubeba. La sivyo nakushusha ninavyoshusha makaa."

"Wewe! Kamera inaona!"

"Ndiyo maana nimekuomba saa hizi, kaka."

Sodnom akatazama chini. Mkeka ulikuwa mbali kuliko alivyoukumbuka. Akatazama kamera, ile taa nyekundu inawaka. Akamtazama mzee wa ugoro, aliyeshaanza kuvua kofia. Kama kuna mtu aliwahi kufikiri haraka akiwa hewani, ni yeye. Akatandaza mikono yote miwili kama vile ndivyo walivyopanga.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Mnaona nguvu ya vijana wetu! Wananibeba, nami nawabeba! Luvsan, mpe mwalimu ufunguo wa ukumbi! Mpe sasa hivi!"

Makofi. Choidog aliruka juu, na safari hii hakuanguka. Pagma akainuka kwenye benchi, akateremsha mikono ya joho lake ifunike vifundo kama inavyotakiwa mtu anapopokea kitu cha heshima, akanyoosha viganja vyote viwili. Miaka yote ile ya kuomba, kubembeleza, kusubiri kwenye korido za watu, na sasa hiki hapa.

Luvsan hakusogea.

"Mpe!" Sodnom akarudia, tabasamu likianza kumkakamaa.

"Bosi..."

"Luvsan, mpe, nina... nina furaha sana huku juu!"

Luvsan akasogea kama mtu anayekanyaga miiba, akakilaza kitambaa viganjani mwa Pagma, akarudi nyuma hatua nyingi kuliko adabu inavyodai. Pagma akafunua kunjo la kwanza. La pili. La tatu. Kitambaa kikaisha, kikaning'inia mpaka sakafuni, buluu safi, kizuri kabisa.

Hakikuwa na kitu ndani.

Alikikung'uta. Akatazama sakafuni, labda umedondoka. Vijana wawili wakapiga magoti kumsaidia kutafuta, na hapo ndipo moyo uliponiuma, ule uaminifu wao wa kupapasa chini ya mabenchi.

"Ufunguo uko wapi?" Pagma akauliza. Hakupaza sauti.

Sasa Luvsan ana vipaji vingi, ila uongo wake huwa lazima aandikiwe mapema. Akamwinulia bosi wake macho, na mbele ya kamera, mbele ya mtaa mzima, akauliza kwa unyofu wa mtoto:

"Bosi, si ulisema nikunje kitambaa tu? Ufunguo si ulimpa fundi wa gereji tangu jana?"

Tabasamu la Sodnom lilibaki usoni kwa sababu halikuwa na pa kwenda. Chini yake mikono ya Terbish ilikuwa imeanza kucheza, na mshipa umemtoka shingoni. Pagma alikuwa anakikunja kile kitambaa polepole, na macho yake hayakuwa mekundu tena.

Mlango ukasukumwa. Baridi ikaingia, na pamoja nayo akaingia mwanamume mwenye ovaroli, kofia ya sufu, na futi ya kupimia begani. Kidoleni alikuwa anazungusha ufunguo.

"Samahanini," alisema. "Niliambiwa mpaka saa hizi hawa watoto mtakuwa mmeshawatoa. Nimekuja kupima mtaro wa maji machafu. Mzee Sodnom yupo?"

"Yupo," akajibu Bibi Dulmaa. "Inua macho."